Dola 5,960 kwenye Mustang yangu: uzoefu wangu

Usiku mmoja mwezi wa tisa 2023 nilipiga magoti kwenye maegesho ya duka, tochi ya simu mkononi, nikaona nyaya za chuma zikichungulia kwenye tairi la mbele la kushoto. Ukilitazama kwa nje lilikuwa zima, kashata, yaani meno ya tairi, zimesimama kama jipya. Upande wa ndani, ambao huuoni mpaka uiname, lilikuwa kipara mpaka kwenye waya. Halikuwa limefikisha maili 4,000. Na nilikuwa nimetoka barabara kuu, maili 75 kwa saa, mke wangu ameketi pembeni.

Gari lenyewe ni Ford Mustang GT ya 2016, V8 ya lita 5.0, gia za mkono, rangi ya buluu. Nililinunua mkononi mwa mtu hapa Michigan mwaka 2021, likiwa kama lilivyotoka kiwandani. Gereji ya kwanza niliyolipeleka, ambayo sitaitaja, ililishusha inchi moja na nusu kwa springi mpya, ikanikabidhi funguo, basi. Alaimenti, yaani kupanga upya uelekeo wa magurudumu, haikufanyika. Gari likishushwa, magurudumu hulala kwa ndani upande wa juu, na uelekeo wake wa mbele nao hubadilika. Tairi haliviringiki tena sawasawa, linaburuzwa kidogo kwa kila mzunguko. Yale ya mbele yaliliwa namna hiyo wakati mimi nikifurahia jinsi gari lilivyokaa chini.

Kwa hiyo haya ni maoni yangu juu ya gereji ya pili, iliyolishughulikia gari kwa awamu kuanzia mwezi wa nne 2024 hadi wa saba. Ni ndogo, stendi nne za kunyanyulia magari na mashine moja ya daino, ya kupimia nguvu ya gari, iko Pontiac, kaskazini ya Detroit. Nayo sitaitaja. Ninataka uone wanavyofanya kazi, ili ukienda kwa fundi wako popote ulipo ujue cha kudai.

Mahali penyewe pana historia yake. Pontiac ndiko yalikotoka magari yaliyobeba jina hilo, na mwaka 1964 walichukua injini yao kubwa ya inchi za ujazo 389, kama lita 6.4, wakaipachika kwenye gari la ukubwa wa kati na kuliita GTO. Wengi huhesabu hapo ndipo ulipopamba moto mtindo wa magari ambayo Wamarekani huyaita ya misuli. Barabara ya Woodward inateremka kutoka hapo mpaka katikati ya Detroit, na wakati ule vijana, hata wahandisi wa viwandani, walikuwa wakishindana juu yake usiku. Njiani, pale Royal Oak, palikuwa na duka la magari la Royal Pontiac lililouza GTO zilizokwisha kuchokonolewa na mafundi wake: gasketi nyembamba zaidi kwenye silinda hedi, muda wa cheche uliosogezwa, jeti za kabureta zilizobadilishwa. Waliziita Bobcat. Mtu alitoka dukani na gari lenye sura ile ile na mbio tofauti kabisa. Kila Jumamosi ya tatu ya mwezi wa nane, tangu 1995, magari ya zama zile hurudi Woodward kwa maelfu, na mimi hulala mapema Ijumaa yake ili nisikose.

Fundi mkuu ni mzee aliyepita sitini. Nilifika na orodha yangu, supachaja, ile pampu ya kusukumia injini hewa ya ziada, ikiwa juu kabisa. Hakuitazama. Aliniuliza, "Gari hili unaliendesha wapi?" Nikamwambia: kazini, zamu za usiku hospitalini, maili 22 kwenda na 22 kurudi, safari za wikiendi, Woodward mwezi wa nane. Akachukua kalamu, akaifuta supachaja, kisha akanieleza sababu. Injini hii ya 5.0 inaipokea supachaja vizuri na inaweza kupita nguvu za farasi 600. Lakini ukifika huko inabidi ubadilishe gia za pampu ya oili, maana za kiwandani ni za chuma cha unga kilichogandamizwa na haziupendi mzigo huo. Klachi nayo, mfumo wa mafuta nao, na matairi ya nyuma ya kuishika nguvu yote hiyo. "Utakuwa umeinunua injini mara mbili," alisema, "na kazini utafika saa ile ile." Fundi aliyekuwa na sababu ya kuniuzia kitu cha dola elfu nane alinikatalia. Hapo nilimwamini.

Kabla ya kugusa boliti hata moja wakaliweka kwenye daino, dola 120. Ford walitangaza farasi 435 kwa gari hili, ila hizo hupimwa kwenye injini. Nguvu ikishapita kwenye gia boksi, propela shafti na difu, nyingine hupotea njiani. Langu lilitoa 376 kwenye magurudumu. Wakaniprintia mchoro wake na kunipa. Usikubali kazi yoyote ya kuongeza nguvu bila karatasi ya namna hii ya kabla. Bila hiyo, anayekuambia umepata farasi 50 anakuambia tu.

Kisha wakaanza na chini. Shokapu mpya zinazoendana na springi, springi zenyewe zikabadilishwa na kuwa za kushusha inchi moja tu, na alaimenti iliyofanywa mimi nikiwa nimeketi kwenye kiti cha dereva, ili gari lipimwe na uzito wangu. Dola 1,960 pamoja na ufundi. Matairi manne ya Michelin ya kiangazi, 1,180. Pedi za breki na mafuta mapya ya breki, 340. Hapa ndipo gari lilipobadilika. Kwenye daraja moja ninalopita kila siku pana kiungo cha chuma, na zamani sehemu ya nyuma ilikuwa ikiruka na kutua nusu hatua pembeni. Sasa unasikia mlio mmoja, gari linaendelea na mstari wake. Fundi kijana alikaza nati za magurudumu kwa spana ya kupimia, paundi-futi 150 kama Ford wanavyoelekeza, kwa mkono, moja moja, akivuka kutoka upande hadi upande, kisha akaniambia nirudi baada ya maili 50 akazirudie. Nilirudi. Hakunitoza.

Sauti sasa, maana ndiyo iliyonivuta kwenye magari haya tangu nikiwa kijana Tanga, nisiyewahi kuliona hata moja. V8 ya namna hii ina krankshafti iliyopindwa kwa nyuzi 90, kwa hiyo silinda nne za upande mmoja hazilipuki kwa nafasi zinazolingana. Yanakuja mapigo mawili yanayofuatana upesi, halafu pengo, halafu pigo lingine. Ule mngurumo wa kugugumia unatoka hapo, na bomba la moshi unalochagua ndilo linaloamua kiasi gani cha mngurumo huo kitafika nje. Mabomba mawili ya kushoto na kulia yakiunganishwa kwa kipande kifupi kama herufi H, sauti inabaki nzito na ya chini. Yakikutanishwa kama X, inalainika na kupanda juu. Mzee hakunionyesha video. Alinipeleka uani, akawasha magari mawili ya wateja, moja la H na moja la X, akaniacha nisimame nyuma yake. Nilichagua H, kuanzia baada ya masega (vichujio vya kusafisha moshi) hadi nyuma, dola 1,150 na ufundi 180.

Wiki mbili za kwanza nilikuwa nikishusha kioo kila nikipita chini ya daraja. Baadaye rafiki yangu mmoja Mkongo anayeishi Grand Rapids akaja nami Detroit kwa barabara kuu ya I-96, zaidi ya saa mbili. Ukiwa gia ya sita, maili 70, injini inazunguka karibu 1,900 kwa dakika, na pale pale mabomba yale mapya yalikuwa yakitoa uvumi wa chini usiokoma, unaousikia kifuani kuliko masikioni. Tulipofika alishuka, akashika kichwa. "Kaka, gari iko muzuri sana, lakini kichwa inaniuma." Alikuwa na haki. Nami baada ya zamu ya usiku nilikuwa nikifika nyumbani kichwa kimejaa.

Nilimrudia mzee nikidhani ataniambia nizoee. Alipima, akakata bomba, akachomelea tawi lililozibwa mwisho upande mmoja na jingine upande wa pili, kila moja karibu mita moja, limekunjwa kama J. Sauti ya uvumi inaingia kwenye tawi, inagonga mwisho, inarudi ikiwa imegeuka kinyume cha ile inayokuja, na mbili hizo zinauana. Urefu wa tawi unaamua ni sauti ipi inayokufa, kwa hiyo mngurumo wa kuondoka kwenye taa uko pale pale. Aliniomba radhi kwamba alipaswa kuniuliza mapema kuhusu safari ndefu, akanitoza vyuma tu. Ni dola 90, nje ya ile jumla niliyoandika juu.

Mwisho ikaja nguvu. Bomba jipya la kuvuta hewa, 380, na kutyuni kompyuta ya gari kwenye daino, 650. Gari lilifungwa kwa mikanda minne, feni kubwa mbele ya pua yake, yule mtyunishaji ameketi ndani na kompyuta mapajani. Anakanyaga mpaka mwisho kwa sekunde kadhaa, anazima, anasoma, anasogeza muda wa cheche kidogo, anarudia. Anachokitafuta ni dalili ya injini kugonga, yaani mafuta kujilipukia yenyewe kabla moto wa plagi haujayafikia, kwa sababu mlipuko huo ndio unaoweza kutoboa pistoni. Alirudia mara tisa. Karatasi ya mwisho ilisema 404. Ni farasi 28 zaidi, na nakiri kwa barabarani si tofauti kubwa ya mbio. Tofauti iko kwenye mguu: pedali ya mafuta ilikuwa inafikiri kabla ya kujibu, sasa inajibu.

Masega waliyaacha, na nisingekubali wayatoe. Sheria ya Marekani ya hewa safi inakataza kuyaondoa kwenye gari la barabarani, hata katika jimbo kama hili lisilokagua moshi kila mwaka. Gereji ya kwanza ilikuwa imenishawishi niyatoe, "upate farasi kumi za bure."

Malalamiko ninayo. Waliniambia kazi ya bomba itachukua siku nne, ikachukua 11, na simu ilikuwa ni mimi ninayepiga. Klampu moja haikukazwa vizuri, nikasikia moshi ukivuja kwa mlio wa tik-tik asubuhi injini ikiwa baridi. Waliikaza siku hiyo hiyo, lakini isingetakiwa kutoka pale hivyo. Na hawaandiki bei yoyote mpaka uiombe, iombe.

Upande wa mapambo sikufanya mengi. Mistari miwili myeusi isiyong'aa kutoka boneti hadi nyuma, rimu zile zile za inchi 19. Msimu wa chumvi barabarani gari halitoki, linalala kuanzia mwezi wa 11 hadi wa nne, kwa kuwa matairi ya kiangazi yakishuka chini ya nyuzi saba hivi za Selsiasi yanakuwa magumu kama mbao.

Ndugu zangu wa Dar na Nairobi wananiuliza kama wanaweza kununua vifaa hivi hivi. Mustang za kuanzia toleo la 2015 zilikuja pia za usukani wa kulia kutoka kiwandani, kwa hiyo springi, shokapu na bomba la nyuma havina shida kubwa. Manifoldi ndefu za moshi ndizo za kuuliza kwanza, maana nyingi zimechorwa kwa usukani wa kushoto na zinaweza kugongana na shafti ya usukani. La hatari zaidi ni tyuni. Namba ya kwenye pampu za Marekani, inayoonyesha petroli inavyostahimili bila injini kugonga, ni wastani wa vipimo viwili, RON na MON. Kwetu inayoandikwa ni RON peke yake. Ile 93 yangu ya Michigan ni sawa na kama 98 ya RON. Ukilipakia gari lako faili lililotyuniwa kwa 93 ya Marekani, kisha ukajaza petroli ya 95 ya kwetu, injini inaweza kugonga kwenye mlima wa kwanza. Tafuta mtu akutyunie kwa mafuta utakayoyatumia.

Juzi nimefikisha maili 6,000 tangu alaimenti ile. Nikainama tena, safari hii mchana, na kipimo cha kashata badala ya tochi. Mbele kushoto: ndani 6/32 ya inchi, katikati 6/32, nje 6/32.