pg_createsubscriber: majaribio yake yanafaa, ila logi isikuhadae

Chombo hiki kilikuja na toleo la 17 la PostgreSQL, mfumo wa hifadhidata, mwaka 2024. Kinaigeuza seva ya akiba, ile inayofuata seva kuu baiti kwa baiti, iwe inapokea mabadiliko kwa unakili wa kimantiki (logical replication: mabadiliko ya safu za jedwali, si baiti), bila kunakili data upya. Kwa hifadhidata ya terabaiti kadhaa, hilo tu linatosha kukipenda.

Anza hivi kwenye seva ya akiba; --dry-run ndiyo majaribio, yaani kukagua bila kugeuza kitu:

pg_createsubscriber -D /data/pg -d duka -P "host=seva-kuu user=msimamizi" --dry-run -v

Hata kwa majaribio, seva ya akiba lazima iwe imezimwa. Chombo huiwasha chenyewe kwenye poti 50432, hukagua, kisha huiacha imezimwa. Kwa hiyo panga muda. Wanaosoma ripoti hapo watakatika.

Ukaguzi wa mipangilio ni mzuri kweli. Kama wal_level ya seva kuu (kiwango cha maelezo yanayoandikwa kwenye kumbukumbu ya mabadiliko) si logical, unaambiwa mapema, na kuibadilisha kunahitaji kuwasha upya seva kuu. Ukitaja hifadhidata 5, max_logical_replication_workers (idadi ya michakato ya unakili huo kwenye seva ya akiba) ikiwa bado 4 ya kawaida, kinagoma. Hata tatizo la pg_hba.conf, faili la kuruhusu miunganisho, hujulikana hapo hapo: mstari wenye neno replication hautoshi, maana unakili wa kimantiki hutafuta jina la hifadhidata yenyewe.

Udhaifu uko kwenye ruhusa. Katika toleo la 17, logi ya majaribio huandika "creating publication" kana kwamba publication (orodha ya jedwali za kunakiliwa) imeundwa, ilhali amri haikutumwa. Isiyotumwa haiwezi kukataliwa, kwa hiyo mstari huo si ushahidi kwamba mtumiaji wako ana ruhusa. Chombo huunda publication ya FOR ALL TABLES (jedwali zote), inayodai mtumiaji mkuu (superuser). Ingia seva kuu kwa mtumiaji yule yule wa -P, uulize:

SELECT rolsuper FROM pg_roles WHERE rolname = current_user;

Ikirudi f (yaani si mtumiaji mkuu), usiendelee. Kosa la ruhusa bado ni jepesi, kwa sababu hutokea kabla seva ya akiba haijapandishwa, yaani kuacha kufuata seva kuu na kuanza kuandika yenyewe. Likitokea kosa baada ya kupandishwa, hesabu saraka ya data imeharibika. Utaanza upya na pg_basebackup, chombo cha kunakili seva kuu nzima.

Wakati wa zoezi halisi, zuia ALTER TABLE na CREATE TABLE kwenye seva kuu. Tena sequence (vihesabu vinavyotoa namba zinazofuata) hazinakiliwi, kwa hiyo zisogeze mbele kwa setval kabla ya kuhamishia programu kwenye seva iliyogeuzwa.