James Bond wa mtumba: ukiwa na mia tano pale Kibuye, chukua zipi?

Jumapili soko la Kibuye hapa Kisumu hufurika, na katikati ya jeans na viatu vya mtumba hukosi kreti la DVD orijino zilizotumika Uingereza. Za yule jasusi James Bond huwa nyingi. Mimi hulipa mia moja kwa kila moja, au mia na hamsini muuzaji akiona nimeishika muda mrefu. Kwa hiyo ukiiona unayoitaka, shika kwanza ile usiyoitaka.

Filamu zenyewe, zile za kampuni ya Eon, ni 25, kuanzia Dr. No ya 1962 hadi No Time to Die ya 2021, na waliomwigiza Bond ni sita. Muuzaji atataka uchague kwa sura: "Chukua hizi za Roger Moore zote, nikuwekee bei." Usikubali. Bond ni kama makanga mpya. Siku za kwanza anakimbilia kila abiria na kubeba hadi kuku wa mama. Akishazoea, anaegemea mlango na kutafuna muguka. Nunua zile za mwanzo wa kila mwigizaji, uogope za mwisho.

Nambari moja kwangu ni Casino Royale ya 2006, Daniel Craig akiingia kazini. Huyu Bond anakosea, anapigwa, na baada ya vita vya ngazini anasimama mbele ya kioo cha hoteli, shati limelowa damu, akijitazama kama mtu asiyejijua. Mapema kwenye filamu kuna sehemu yenye maandishi "Mbale, Uganda". Shemeji yangu wa Vihiga alipoona neno Mbale aliruka kutoka kwenye kochi: "Hapo ni kwetu!" Tukasimamisha picha, akasoma mwenyewe hiyo Uganda, na bado akashikilia kwamba wazungu wamekosea, Mbale iko barabara ya Kakamega. Mchezo wa kadi katikati ni mrefu kidogo, vumilia.

Lakini soma mwaka kwenye kava. Kuna Casino Royale nyingine ya 1967, kichekesho chenye David Niven na Peter Sellers, nayo si ya ukoo huu. Niliinunua kwa haraka, nikaita majirani, nikapika na chai. Nusu saa baadaye nimebaki mimi na birika.

Ya pili ni From Russia with Love ya 1963, ya pili ya Sean Connery. Vifaa ni vichache: mkoba wenye kisu kilichofichwa, basi. Utamu uko kwenye treni, ambako muuaji anajifanya mwenzake Bond na wanakula pamoja. Jamaa anaagiza samaki, kisha mvinyo mwekundu, ilhali kwa desturi ya wazungu samaki ni wa mvinyo mweupe, na hapo ndipo Bond alipaswa kushtuka. Mtu wa Kisumu hahitaji kufafanuliwa. Ukimwona mgeni pale Dunga anakula mbuta kwa mkate, lazima umuulize katokea wapi. Vita vyao ndani ya kile chumba chembamba cha treni, taa ikiwa imezimika, bado ninavirudia.

Ya tatu, GoldenEye ya 1995. Bond hakuwa ameonekana kwa miaka sita, na Pierce Brosnan alikuja na njaa ya kazi. Kuna kifaru cha jeshi kinachobomoa St Petersburg. Ya nne ni On Her Majesty's Secret Service ya 1969. Watu huiruka kwa sababu George Lazenby aliigiza mara hiyo moja tu, na ndiyo maana mimi huipata kwa bei ya chini. Mwisho wake sikuambii.

Ya tano inategemea nyumba yako. Ukiwa na watoto, chukua The Spy Who Loved Me ya 1977: gari linaingia baharini, linageuka nyambizi, kisha linapanda ufukweni watu wakiota jua. Watu wazima watupu, chukua Skyfall ya 2012. Zote mbili ni za tatu kwa waigizaji wao, kwa hiyo kanuni yangu ya makanga inayumba hapa. Sawa.

Za kuacha hata kwa hamsini: Die Another Day ya 2002, ambayo gari lake halionekani kwa macho na Bond anateleza juu ya wimbi la kompyuta hata mtoto hadanganyiki, na A View to a Kill ya 1985, Roger Moore akiwa na miaka 57, akikimbia kwa msaada wa wengine. Diamonds Are Forever ya 1971 imechoka tangu mwanzo. Moonraker, ile ya kwenda angani, chukua ukitaka kucheka. Quantum of Solace ya 2008 iliandaliwa wakati waandishi wa Hollywood wako kwenye mgomo, na inaonekana. Inaanza pale Casino Royale ilipoishia, kwa hiyo ikubali kama nyongeza tu.

Sasa geuza CD. Orijino hung'aa fedha chini. Ikiwa ya zambarau, imechomwa mtaani na hailipiwi mia. Kagua ufa karibu na tundu la katikati. Halafu za Uingereza zina alama ya eneo 2, yaani sehemu ya dunia zilikokusudiwa kuuzwa, na sisi Kenya tuko eneo 5, hivyo deki yenye msimamo itaikataa. Wauzaji wengine wana deki ya kujaribia. Usiridhike na menyu kufunguka. Mwambie aruke hadi katikati, kisha karibu na mwisho, na wewe usimame hapo hapo uangalie kama picha itakwama.