Kioo cha zamani cha Kifaransa: kigeuze kwanza, bei baadaye

Haya, karibuni tena. Leo sipo sokoni, nipo nyumbani, na kioo hiki kilichoegemea ukutani nyuma yangu ndicho mlichokiona sekunde mbili tu kwenye video iliyopita, mkanijia na maswali. Ndiyo, ni cha Kifaransa. Ndiyo, ni cha zamani kweli. Ila sikukinunua kwa ajili ya hiyo dhahabu, ingawa najua ndiyo iliyowavuta.

Ngoja nisogeze kamera. Urefu sentimita 120, upana 80. Angalieni pembe: za juu zimeviringwa, za chini ni mraba. Huo ndio mtindo wa Louis-Philippe, mfalme aliyetawala Ufaransa kuanzia 1830 hadi 1848. Chini pakawa mraba kwa sababu vioo hivi vilikaa juu ya rafu ya meko, lazima vitulie sawasawa. Kwangu hakuna meko, kuna redieta, kile chuma cha kupasha chumba joto. Hilo tutalirudia, maana lina hatari yake.

Wengine wakoje? Kina Louis, wafalme wa Ufaransa ambao mitindo imepewa majina yao, ni wengi mno, mwanzoni walinichanganya hata mimi. Ukiona makombe ya baharini na mikunjo ambayo upande mmoja haufanani na mwenzake, hapo unaongelea Louis XV. Mistari imenyooka, utepe umefungwa juu, pengine njiwa wawili, huyo Louis XVI. Halafu kuna Napoleon III, mfalme mkuu wa Ufaransa 1852 hadi 1870, huyo aliyachukua yote akayaweka mahali pamoja, kama bibi harusi aliyevalishwa dhahabu za ukoo mzima. Ni vizuri, sikatai, lakini kwenye fleti yenye dari ya mita mbili na nusu kitakumeza wewe na sofa lako. Ndiyo maana kwa nyumba zetu za kawaida mimi huwa napendekeza Louis-Philippe. Ni mpole. Ana nakshi za maua zilizochorwa ndani ya dhahabu, huzioni mpaka usogee karibu.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo nilipoliwa hela. Kioo changu cha kwanza kilikuwa na kikaratasi kimeandikwa «style Louis XV». Nikaona Louis XV, moyo ukaruka, nikalipa. Nyumbani nakigeuza: ubao mpya wa emdiefu, ule wa unga wa mbao ulioshindiliwa kiwandani, na skrubu za kichwa cha msalaba, zile zilizoanza kutumika miaka ya 1930. Nikarudi kwa muuzaji kifua mbele. Akanionyesha kikaratasi chake kwa utulivu kabisa: madame, nimeandika «style». Na alikuwa sahihi! Ufaransa kuna amri ya serikali ya tarehe 3 Machi 1981, watu wa sanaa wanaiita amri ya Marcus. Muuzaji akikuandikia «époque Louis XV», anakuhakikishia kwamba kitu kilitengenezwa zama hizo. Akiandika «style», hakuhakikishii chochote, maana yake kinafanana tu. Neno moja. Kwa hiyo mdai akuandikie kwenye risiti, tena asome kwa sauti mbele yako. Akianza kuzungukazunguka, jibu umeshalipata.

Baba Salma, njoo ushike huku. Taratibu. Kisimame hivyohivyo, usikilaze. Haya.

Huu mgongo ndio video yenyewe. Mbao hizi ni msonobari, zimekuwa kahawia kwa umri, na hazilingani upana kwa sababu aliyezipasua hakuwa anapasulia macho ya mtu. Misumari imekula kutu. Nikichomoa ubao huu mmoja... mnaona? Kijivu kinachong'aa, hakuna rangi iliyopakwa juu yake. Hilo ni bati, ile metali laini ya stani na si mabati ya paa, lililochanganyika na zebaki. Wafaransa wanasema «glace au mercure». Zamani fundi alitandaza karatasi nyembamba ya bati mezani, akamwaga zebaki, akateleza kioo juu yake, akaweka mizigo ya kukandamiza, akaacha wiki kadhaa zebaki iliyozidi ichuruzike. Mafundi waliugua vibaya kwa kazi hiyo. Mwaka 1835 mkemia Mjerumani, Justus von Liebig, akapata njia ya kugandisha madini ya fedha kwenye kioo, na kadiri karne ilivyosonga fedha ikachukua nafasi ya zebaki. Kioo cha fedha kwa kawaida mgongo wake umepakwa rangi ya kuukinga. Kwa hiyo ukikuta rangi nyuma, usikimbie, kinaweza kuwa cha zamani pia, ila si cha zebaki.

Mbele nako kunasema. Kioo cha fedha kikizeeka kinapata madoa meusi, hasa pembezoni. Cha zebaki kinametameta vidoti, kama mtu amemwaga chumvi nyuma ya kioo, na sehemu ya chini huchoka kwanza kwa sababu zebaki inashuka. Huku chini kwangu, hapa, mnaona ukungu huu? Muuzaji alitaka kuniomba radhi. Mimi ndicho nilichokuwa nakitafuta.

Kuna wanaofundisha kugusa kioo na ncha ya funguo, upime nafasi kati ya ncha na kivuli chake. Sawa, lakini hiyo inakupa unene, haikupi umri. Vioo vya kumiminwa mezani, ambavyo kiwanda cha Saint-Gobain kilikuwa kikivitengeneza tangu mwisho wa karne ya 17, vinaweza kuwa vinene vizuri tu. Mimi naamini karatasi nyeupe zaidi: iweke mbele ya kioo, kisha linganisha nyeupe ya mkononi na ile ya ndani. Yangu, angalieni, ndani inakuwa kijivu kama mawingu ya masika. Kioo kipya kingenirudishia karibu weupe uleule.

Kuhusu zebaki nisije nikalaumiwa. Ni sumu, na inaendelea kutoka polepole sana. Usikwangue mgongo, usikikate ili kitoshee fremu nyingine, usikiweke chumba cha mtoto, na usikitundike juu ya redieta, joto linazidisha mvuke. Ndiyo maana chetu kinahamia ukuta ule pale, unaotazama dirisha. Kikisafirishwa kisimame wima. Ukikuta vitone vya rangi ya fedha, yaani zebaki, vimejikusanya chini ya fremu, achana nacho, hata kama bei inachekesha.

Fremu sasa. Mbao imepakwa chaki iliyochanganywa na gundi ya ngozi ya sungura, juu yake udongo mwekundu, ndipo dhahabu halisi nyembamba kuliko karatasi ya sigara ikalazwa vipande vipande na kung'arishwa kwa jiwe la akiki. Ukiangalia vizuri unaona mistari ambapo kipande kimepanda juu ya kipande. Na hili doa jekundu hapa pembeni? Hilo ni langu. Nilichukua kitambaa kibichi, kama mtu anafuta meza, nikapitisha mara mbili tu, dhahabu ikaondoka na kitambaa. Gundi ile inayeyuka kwa maji, jamani. Brashi laini kavu, basi. Kama fremu imepakwa rangi ya shaba kufunika makovu utaijua, inakuwa kahawia iliyofifia, haina uhai. Afadhali iliyochubuka ya asili, Wafaransa wanaiita «dans son jus», kwenye mchuzi wake, kuliko iliyorembwa upya na asiyejua.

Wale wa Dar, Tanga, Mombasa na Unguja mnaotaka niwatumie vioo kama hivi kwa kontena: unyevu wa pwani hauipendi chaki hii wala gundi yake, itavimba na kupasuka, na chumvi ya hewa itakula mgongo wa kioo. Chumba kisiwe kinachopigwa na upepo wa bahari moja kwa moja. Kagua pia tundu ndogo za duara kwenye mbao. Kama chini yake kuna unga mpya mweupe, mdudu bado yumo kazini.

Bei. Nilikipata Saint-Ouen, soko la vitu vya kale kaskazini mwa Paris, unashuka Porte de Clignancourt mwisho wa metro namba 4. Alianza euro 420, tukaachana kwa 340, Jumatatu jioni akiwa anafunga. Uzito msiudharau: kioo peke yake cha ukubwa huu, kikiwa na unene wa milimita 4, kinakaribia kilo 10, bado fremu. Nimeweka skrubu mbili ukutani zenye plagi zake. Ile kamba ya zamani iliyokuja nacho nimeitupa.

Baba Salma, zima taa ya juu. Mshumaa uko wapi? Uweke pale kando... Haya, njooni karibu na skrini. Vioo hivi vilitengenezwa watu wakiishi kwa mwanga kama huu. Angalieni moto unavyokuwa laini mle ndani, na uso wangu pia, hapa siwadanganyi, nimepungua miaka kumi. Ngoja nisimame kidogo hapa.