Nimemaliza The Haunting of Hill House, nimekaa nacho wiki nzima kichwani

Hiki kitabu nilikinunua Posta kwa wale wanaotandaza vitabu vya mtumba chini, elfu nne, jalada limechanika kona. Nilikichukua kwa sababu ile tamthilia yake ya 2018 nilishaiona nikajua stori ni ile ile. Wala sio. Ile familia ya watoto watano humu haimo, kilichobaki ni jumba na majina kadhaa, kwa hiyo kama umeangalia usijihesabu umesoma.

Kaandika Shirley Jackson, mama wa Kimarekani, kilitoka 1959. Kuna msomi anaitwa Dokta Montague anatafiti mambo ya mizimu, anakodi hilo jumba na kualika watu waje wakae naye. Jumba lenyewe kona zote zimepinda kidogo kidogo, jicho halioni ila mwili unajua, na milango ukiiacha wazi inajifunga.

Nilianza kukisoma kwenye mwendokasi, nimesimama, Kimara mpaka Kivukoni, na kusema ukweli mwanzoni sikuogopa chochote, kinaenda taratibu sana. Kilichonishika ni huyu Eleanor, mmoja wa walioalikwa. Ana miaka 32, kamuuguza mama yake miaka 11, mama kafa, na yeye hana hata kwake, analala kwenye kitanda cha kukunja chumba cha mtoto wa dada yake, hata gari alilokujia wamenunua wote wawili na dada yake kamkatalia, kalichukua tu kaondoka. Alafu akifika kule anawadanganya wenzake kwamba ana nyumba yake nzuri, ina simba wa mawe. Hapo niliumia jamani.

Sasa usiku kitu kinaanza kugonga mlango mmoja baada ya mwingine huko koridoni, na Eleanor usingizini anaitikia nakuja mama, nakuja. Mbele huko ndo anakuja kusema kwamba usiku mama yake aliokufa aligonga ukuta akiita dawa na yeye hakuamka, na kwamba mpaka leo hajui kama kweli hakusikia au alisikia akarudi kulala.

Niliposoma pale nilifunga kitabu nikatoka nje nikakaa kibarazani.

Maana mimi nimemuuguza bibi, Temeke, baada ya kumaliza form six. Miguu ilikuwa imekufa ganzi, tulimwekea kikombe cha bati na kijiko pembeni ya kitanda, akitaka kitu anagonga, ngo ngo ngo, mara tatu halafu ananyamaza. Kuna usiku mmoja nilimsikia. Nikajisemea akigonga tena ntaamka. Hakugonga tena. Asubuhi namkuta macho yako wazi, midomo imekauka, jagi liko mezani hafikii, akaniuliza umelala vizuri mjukuu wangu? Aliishi miezi mingine mitano baada ya hapo na hilo jambo sijawahi kumwambia mtu, mpaka huyu mwanamke wa 1959 kaja kuniambia mimi.

Kuna na ile ya mkono, Eleanor kashika mkono wa mwenzie Theodora gizani, kaubana kweli, taa inawaka Theodora yuko kitanda cha mbali ndo kwanza anaamka. Hiyo wengi ndo wanaisifia na ni kweli inatisha, nilisoma umeme umekatika natumia tochi ya simu, ila mimi sio iliyoninyima usingizi.

Kiingereza chake sio kigumu, sentensi ndo ndefu, nyingine nilirudia mara mbili. Mwisho sisemi. Nyota tano, na ningekuwa na sita ningetoa.

Nimemuazima mdogo wangu, enzi zile za bibi tulikuwa tunalala kitanda kimoja. Yuko sura ya pili anasema mbona hakitishi. Nasubiri afike pale kwenye kugonga.