Alama ya Radi Si Kuchaji: Nilivyopiga Linux Kwenye Kompyuta Ndogo Nikaishia Kudharauliwa Dukani

"Mama, mlete mtoto wako nimweleze, wewe hutaelewa."

Maneno hayo niliambiwa hapa hapa Mbeya, mbele ya wateja, na kijana anayeuza vifaa vya kompyuta upande wa Mwanjelwa. Nina stationari yangu Iyunga. Nachapa na kuprinti ripoti za wanafunzi wa chuo miaka sasa, nimebadilisha printa nne na sikumbuki kibodi ngapi. Mtoto wangu yuko darasa la pili. Naandika nikiwa bado na hasira, na sitaki kusubiri ipoe, maana ikipoa nitanyamaza.

Nianze na kilichonipeleka huko. Mtu wa stationari anajua adhabu ya flashi. Mwanafunzi anachomeka flashi yake, mafaili yote yanageuka vijialama visivyofunguka, na kesho yake flashi za wateja wengine nazo zimeugua. Kila baada ya muda namwita fundi apige Windows upya, namlipa, anaondoka, mchezo unarudi pale pale. Nikasikia kwamba virusi hivyo vimeandikwa kwa ajili ya Windows, na kwenye Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, havina pa kushika. Nikasikia pia kuna kompyuta za ukubwa wa kiganja, Raspberry Pi, zinazotumia prosesa ya ARM kama ya simu, zinazokula umeme kidogo hata betri yangu ya dharura ikazibeba pamoja na skrini umeme unapokatika. Nikaagiza moja, Pi 4. Ilikuja peke yake kwenye boksi. Memori kadi na chaja nikanunua kwa yule kijana.

Kupiga Linux yenyewe sikuona ugumu wanaoutangaza. Nilikosea mara moja, na kosa hilo lilinila bando zima: nilishusha Debian, aina moja ya Linux, iliyoandikwa amd64, nikaichoma kwenye kadi, nikawasha, skrini ikabaki nyeusi tii. Kumbe amd64 ni ya kompyuta hizi za kawaida za Intel na AMD. Ya ARM ni arm64, na kwa Pi ni vizuri zaidi uchukue ile iliyotengenezwa kwa ajili yake, Raspberry Pi OS, ambayo ndani yake ni Debian hiyo hiyo. Unashusha kwenye kompyuta nyingine, programu yao inaiandika kwenye kadi, unachomeka, unawasha. Tahadhari moja tu: ukiona video inakwambia jina la kuingilia ni pi na nywila ni raspberry, hiyo ni ya zamani. Utaratibu huo uliondolewa mwaka 2022, siku hizi unaweka jina lako mwenyewe mwanzoni.

Ilipowaka nilifurahi, nakiri. Printa yangu ya Epson niliyokuwa naogopa itagoma, iliitambua. Ripoti za Word zikafunguka kwenye LibreOffice, programu ya kuandikia iliyomo humo. Chuo kinataka Times New Roman 12, na humo hakuna Times New Roman, nikasema hapa nimekwama. Lakini kuna Liberation Serif, herufi zilizopimwa upana ule ule, kwa hiyo mistari haihami na kurasa zinabaki idadi ile ile. Nilihesabu ripoti ya kurasa 46, ikatoka 46. Jioni ile nilimwambia mdogo wangu kwamba fundi wa Windows nimeachana naye.

Halafu ikaja wiki ya ripoti za fildi.

Foleni imefika barazani, mvua inanyesha, na mashine inakwenda kama inapanda mlima Loleza na gunia kichwani. Unabonyeza, unasubiri. Unaprinti, inatoa kurasa tatu, inaganda. Inajizima, inajiwasha. Kona ya juu ya skrini kulikuwa na alama ndogo ya radi, ya njano, inatokea na kupotea. Niliiona tangu siku ya kwanza na ilinipa moyo. Kwenye simu yoyote alama ya radi maana yake inachaji, umeme unaingia, lala salama. Ningewaza nini kingine?

Siku ya tatu ilijizima katikati ya kuhifadhi faili. Ilipowaka haikufika popote, maandishi meupe tu yanashuka kwenye weusi. Kadi imeharibika, na ndani yake kulikuwa na sura ya nne ya binti mmoja ambayo alikuwa ameichapia hapo hapo kwangu, hana nakala nyingine. Alikaa kwenye benchi langu hakusema kitu. Angenigombeza ningepata nafuu. Niliichapa upya mimi mwenyewe usiku kwa kusoma madaftari yake, bila malipo, na bado hainitoki.

Nikapiga Linux upya. Ikafa tena. Nikapiga mara ya tatu. Wakati huo kama mngeniuliza ningewaambia msinunue, Linux ni ya watu wasio na kazi ya kufanya, mashine hizi ni vya kuchezea. Nilikuwa nimeshaanza kuwaambia watu hivyo.

Ndipo nikaifunga kwenye kitenge, nikapanda bajaji, nikaenda dukani. Nilifika na salamu zangu, nikamweleza taratibu: mashine inajizima, kadi zinakufa, naomba uniangalizie chaja na kadi ulizoniuzia. Hakuigusa hata chaja. "Chaja ni chaja, mama. Ukichomeka simu inachaji au haichaji?" Nikasema inachaji. "Basi." Nikamwambia simu siyo kompyuta. Ndipo akageukia wateja wengine, akatabasamu, akasema ile ya mlete mtoto wako. Nilipotaja kurudishiwa hela akaweka kidole kwenye risiti, palipogongwa muhuri: bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Niliondoka. Sikupata hata neno la kumjibu, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Aliyenifumbua macho ni kijana wa uhandisi wa umeme aliyekuja kuprinti. Alisimama nyuma yangu, akasema, "Shikamoo mama. Samahani, hiyo mashine yako ina njaa." Nikamwuliza njaa gani. Akaonyesha ile radi. "Hiyo inalalamika. Umeme haufiki." Nikambishia kwamba inachaji. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Mama, ina betri?"

Haina. Kitu kisicho na betri kinachaji nini?

Akaomba kibodi, akaandika amri vcgencmd get_throttled, na jibu likatoka: 0x50005. Alinifafanulia nikaandika kwenye daftari. Ile 5 ya mwisho inasema sasa hivi umeme haufiki na mashine imebanwa mwendo. Ile 5 ya mbele inasema jambo hilo limeshatokea tangu iwashwe. Pi 4 inahitaji volti 5.1 na ampea 3. Volti zikishuka chini ya kama 4.63, inaonyesha radi na kupunguza kasi isizimike, na zikizidi kushuka inazimika, na kama ilikuwa inaandika kwenye kadi, imeandika nusu. Chaja yangu ilichapishwa 5V 3A kubwa kabisa mgongoni. Kuchapa maneno kwenye plastiki ni rahisi, mimi ndiyo kazi yangu. Waya wake nao ulikuwa mwembamba na mrefu, na umeme hupotea njiani kama maji ya bomba: ukifungua koki mwisho wa mtaa yanachuruzika tu. Simu haijali, yenyewe inachelewa kujaa. Kompyuta haina pa kusubiria.

Kesho yake akaniazima chaja yake, ile rasmi ambayo waya wake haung'oki. Tukapiga Linux mara ya nne kwenye kadi mpya. Amri ile ile ikajibu 0x0. Radi haikutokea. Nikaprinti ripoti mbili za kurasa 60 huku nafungua nyingine, haikutetereka.

Kwa hiyo nafuta niliyoyasema. Mashine ni nzuri, na Linux ilikuwa inasema kweli tangu siku ya kwanza, kwa alama na kwa tarakimu, wakati mtu mwenye mdomo na duka alikataa kuangalia. Niliowaambia hazifai nimewarudia mmoja mmoja.

Lakini nikishasema hivyo hasira inanipanda upya, na nyota tano walioitengeneza siwapi. Inalalamika kwa alama gani! Alama ambayo dunia nzima imezoea kuwa ni habari njema. Maelezo yote niliyoyafuata yaliongelea faili, kadi, nywila. Hakuna lililosema kwa herufi kubwa, kabla ya yote, tafuta chaja ya kweli. Kwa mtu anayenunulia vifaa kwenye soko lenye bidhaa feki nusu kwa nusu, hilo ndilo sharti la kwanza, si la mwisho. Na yote yako kwa Kiingereza. Ukitafuta kwa Kiswahili unapata watu wanauliza, wanaojibu wachache.

Jingine dogo, ila kwa stationari si dogo. Pi 4 haina saa yenye betri ndani. Inachukua muda kutoka kwenye intaneti. Umeme ulikatika, bando lilikuwa limeisha, nikawasha na kuchapa barua ya maombi ya kazi, na tarehe iliyojiweka yenyewe ilikuwa ya siku iliyopita. Mteja aliiona, Mungu mkubwa. Sasa naangalia tarehe kila nikiwasha. Kuna kidude cha saa cha kuongezea, sijakinunua.

Mtoto wa dada yangu alipoona mambo yamenyooka akaja na Chromebook yake ya mtumba, nayo ni ARM, akachomoa kadi kwangu achomeke kwake akidhani itawaka. Haikuwaka. Kompyuta za kawaida faili moja la Linux linawaka karibu kwenye zote. ARM sivyo, karibu kila aina ya bodi inataka Linux iliyoandaliwa ikiwa na maelezo ya vifaa vya bodi hiyo. Wapo wanaoandaa, kama Armbian, wana orodha ndefu ya bodi ndogo, na kwa laptopu za Apple zenye prosesa ya M1 wapo watu wa Asahi Linux. Yake hatujapata inayokubali. Kama lengo lako ni laptopu ya ARM ya mtumba, tafuta kwanza jina lake kamili kwenye orodha za watu hao kabla hujatoa hela. Bodi ndogo kama yangu, sawa, nunua. Nasema sawa. Juzi ningekutukana ukiniambia hivyo.

Yule kijana wa uhandisi nilimprintia ripoti yake yote na kuifunga kwa spiro, akakataa kupokea chenji, nikamwambia ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa. Yule wa dukani sijarudi kwake. Chaja yake ninayo, nimeiandikia kwa kalamu nyekundu "ISITUMIKE" nikaitundika ukutani, na wanafunzi wakiuliza nawaonyesha pia ile tarakimu kwenye daftari.

Mashine ya pili nimeshaagiza. Safari hii chaja nimeiweka kwenye oda hiyo hiyo: volti 5.1, ampea 3, na waya wake usiong'oka.