Gulioni au kwa Mwenye Chombo?

Anayetafuta vifaa vya mashua vilivyokwisha kutumika katika pwani ya kusini ya Uingereza ana njia mbili: kwenda kwenye gulio, kama lile linalojulikana sana la Beaulieu, Hampshire, au kumfuata mwenye chombo pale boti yake ilipofungwa.

Kwa tanga la Dacron, yaani kitambaa cha polyester, gulio linatosha, kwa sababu kasoro zake huonekana papo hapo: likunjue, ukwangue uzi wa mshono kwa ukucha, na uzi ukikatika, ujue jua limeshaula na mishono itahitaji kurudiwa. Nenda na vipimo vya pindo zote tatu vikiwa vimeandikwa, kwani tanga lililomo ndani ya mfuko halikadiriwi kwa macho.

Mashine ya boti, ile ya kufungwa nyuma, ni jambo jingine kabisa. Gulioni utaikuta imefungwa kwenye ubao, imefutwa vumbi na kunyamaza; kwa mwenyewe unaweza kuomba itumbukizwe kwenye pipa la maji, iwashwe ikiwa bado baridi, nawe utazame kama maji ya kupoza yanatoka kwa nguvu kwenye kitundu chake. Kisha ilegezwe skrubu ya chini ya gia: oili ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameshaingia. Bei yake ikizidi kidogo ile ya gulioni, naona inafaa kulipwa.

Jaketi la kuokolea maisha la kujaza hewa silinunui kwa njia yoyote kati ya hizi mbili. Hilo nalichukua jipya dukani.