Ramani ya hekalu la Cody: nyumba nimeipenda, mnara umenishinda

Kwa miaka mingi tumekuwa tukienda hekaluni Billings, Montana. Kutoka mji wetu wa Cody, jimbo la Wyoming, Marekani, ni kama saa mbili kwa gari, barabara ikiwa kavu. Majira ya baridi nimewahi kugeuza gari katikati ya safari kwa sababu ya theluji, mama mkwe yuko kiti cha nyuma na nguo zake nyeupe amezipakata, asiseme neno mpaka tumefika nyumbani. Ndiyo maana Oktoba 2021, Russell M. Nelson, wakati huo rais wa kanisa letu, alipoutaja mji wetu miongoni mwa ile itakayojengewa hekalu, nililia. Nayasema haya mwanzoni ili ujue anayeipima ramani hii ni muumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao wengi bado mnatuita Wamormoni.

Nianze na kilichonifurahisha: ukubwa. Cody ina watu kama 10,000. Ramani inaonyesha jengo lisilo na ghorofa, futi za mraba 9,950, yaani kama mita za mraba 924, kwenye kiwanja cha ekari 4.69. Hekalu la Billings ni kubwa zaidi ya mara tatu. Kuna majirani waliohofia umati wa Jumapili, lakini Jumapili hekalu hufungwa. Ibada ya siku hiyo tunaifanya katika nyumba zetu za kawaida za ibada. Hekaluni tunakwenda kubatizwa kwa niaba ya wafu wetu, kupokea endaumenti (ibada ya mafundisho na maagano na Mungu), na kuunganisha mume na mke kwa milele. Ni kazi ya makundi madogo na sauti ya chini. Kwa kazi hiyo nyumba hii inatosha kabisa, na aliyeipunguza kiasi hicho aliujua mji wetu.

Sasa mnara. Futi 101, karibu mita 31, kwenye mteremko wa eneo la makazi ambalo kanuni zake zinataja kimo kisichozidi futi 30. Tume ya mipango ya mji ilibishana kwa vikao kama mnara uhesabiwe au kipimo kiishie kwenye paa. Ramani ikapita, majirani wakaenda mahakamani, kanisa likashinda, na tarehe 27 Septemba 2024 ujenzi ukazinduliwa rasmi. Kisheria hilo limekwisha. Lakini mimi napima kwa macho ya mtu anayeishi hapa. Watu walinunua nyumba upande ule kwa ajili ya milima mchana na giza usiku. Mahekalu yetu mengi humulikwa nje usiku, na taa juu ya mteremko huonekana mbali sana.

Ndugu zangu waumini huniambia mnara unaelekeza moyo mbinguni. Sawa, nami huuona hivyo. Ila hekalu la Laie kule Hawaii, la Cardston nchini Kanada na la Mesa, Arizona, yote ya kati ya 1919 na 1927, hayana mnara, na sijasikia mtu akisema baraka zake zimepungua.

Nawaomba majirani jambo moja. Kabla ya kuwekwa wakfu, hekalu hufunguliwa kwa kila mtu, bila malipo, mpaka vyumba vya ndani kabisa. Njooni hata kama mlipinga. Baada ya hapo ni wenye sifu ya hekaluni tu, ile karatasi unayopewa baada ya mahojiano na viongozi wako.

Nyumba yenyewe naipa 5 kati ya 5. Mnara naupa 2, na ningeukata nusu, taa zizimwe watu wanapolala.

Mama mkwe nilimtandazia michoro mezani jioni moja. Kuhusu mnara hakuuliza kitu. Aliweka kidole kwenye maegesho, akakisogeza polepole hadi mlangoni, akaniuliza hapo ni hatua ngapi.